TAHADHARI: Wapima presha bure wanaouza "dozi ya kitunguu saumu"

Wana Mbagala na wote wenye wazazi wa presha, naomba dakika mbili. Kuna vijana wawili wamevaa makoti meupe, wanatandika meza chini ya mwavuli karibu na stendi jioni watu wakitoka kazini. Kupima bure. Mama yangu kapigwa shilingi 90,000 pale, na hela ndiyo hasara ndogo.

Alirudi na makopo mawili yenye picha ya saumu. Namba ya usajili hakuna, jina la mtengenezaji hakuna, tarehe ya kuisha muda hakuna. Wakamwambia ameze siku 30 na aache dawa za hospitali "zisije zikagombana." Mama yuko kwenye amlodipini, dawa ya kushusha presha, mwaka wa sita. Akaacha kimyakimya, maana alijua nitafoka. Siku ya 11 akaamka kichwa kinampasuka. Zahanati wakampima: 188 kwa 112.

Nikaenda pale mwenyewe kama mteja. Wanakukalisha kwenye kistuli ungali unahema, wanakufunga kile kimashine cha kwenye kifundo cha mkono, kisha mkono unaachwa unaning'inia. Mkono ukiwa chini ya usawa wa moyo, namba zinapanda zenyewe. Nikapata 158 kwa 97. Nyumbani nikakaa dakika tano, mkono juu ya meza: 121 kwa 78. Kwenye ile foleni hakuna aliyepona, hata konda mmoja kijana kabisa aliambiwa yuko hatarini.

Vidonge nilivitumbua vitatu kwenye kisahani. Unga mweupe, harufu hamna. Saumu jamani, ambayo ukimenya punje moja jirani anajua! Najua vipo vya kiwandani vilivyoondolewa harufu, sawa. Nikaumwagia maji ya moto, ukavutika kama uji wa muhogo.

Saumu yenyewe sina ugomvi nayo. Ukiiponda inatengeneza alisini, ndiyo ile harufu kali, na tafiti zimeonyesha inaweza kumshushia kidogo mtu mwenye presha ya juu. Kidogo tu, haichukui nafasi ya kidonge cha daktari. Mama sasa anaponda punje mbili, anaziacha dakika 10, ndipo anatia kwenye mboga ikikaribia kuiva, kwa sababu moto ukiiwahi unaua kinachotengeneza alisini. Chumvi kapunguza, ingawa analalamika kila siku kwamba mchuzi hauna ladha. Ila kama mzee wako anatumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, au anasubiri upasuaji, asianze kula saumu nyingi wala vidonge vyake bila kumwambia daktari. Saumu nayo inazuia damu kuganda.

Ile namba ya simu ambayo mama aliitumia hela haipatikani tena. Taarifa nimepeleka TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba) na kwa mwenyekiti wa mtaa, na tangu wiki iliyopita mwavuli haupo, kwa hiyo wako stendi nyingine sasa hivi. Kama nawe waliwahi kukuuzia, usitupe kopo, hata likiwa tupu. Lipeleke TMDA pamoja na ujumbe wa muamala. Na muulize mzee wako leo, kwa upole, kama vidonge vyake vya hospitali bado anameza. Wangu nilimuuliza kwa ukali akanidanganya mara mbili.