Uzoefu wangu: upinde wa mtumba na muuzaji aliyeufyatua mtupu

Aliuvuta mpaka mkono ukafika shavuni, akanitazama kwa tabasamu, akaachia. Mshale hakuweka. Upinde ulilia mlio mkavu, kama ubao wa dari unaokatika, na watu waliokuwa wakichagua viatu pale kando wakageuka wote. "Umesikia nguvu hiyo, mzee wangu?" akaniambia. "Hata nyati analala." Akauvuta tena, akaachia tena. Mara mbili, wallahi, kwa macho yangu. Nami nikatoa shilingi 14,000, nikamhesabia mkononi, nikamshukuru.

Asiyejua nimweleze hapa hapa, kwa sababu mimi hakuna aliyenieleza. Upinde haufyatuliwi mtupu. Nguvu yote uliyoivuta hujilimbikiza ndani ya mabawa, zile sehemu mbili bapa zinazopinda juu na chini. Ukiachia, mshale ndio unaoichukua nguvu hiyo na kuondoka nayo. Pasipo mshale haina pa kwenda, hivyo inarudi kuyapiga mabawa yenyewe, kamba, na yale magurudumu madogo yaliyo kwenye ncha za upinde wa kisasa kama huu. Upinde waweza kuvunjika palepale. Waweza pia, na hili ndilo lililonipata, kuingia ufa mwembamba kama unywele, usiouona, nawe ukaendelea kuvuta siku baada ya siku karibu na uso wako.

Shemeji yangu, ndugu wa mke wangu, ni mkaazi wa Pennsylvania miaka mingi sasa, na kule amejifunza kuwinda ayala kwa mishale. Wengi humwita kulungu, lakini kulungu wetu wa huku ni mnyama mwingine. Huyu wa Marekani ana mkia mweupe upande wa chini, na akishtuka anauinua kama mtu apungaye leso. Kila msimu unapofunguka, karibu na mwanzo wa Oktoba, shemeji hututumia picha: msitu umegeuka rangi, yeye yuko juu ya mti amejifunga mkanda, na baadaye nyama imejaa friza. Amenialika, na mwakani Mungu akipenda nitakwenda. Alinipa sharti moja. "Shemeji, njoo mkono umeshazoea. Bunduki ningekufundisha hapa kwa siku mbili. Upinde unataka miezi." Sheria ya jimbo lao inataka upinde wenye mvuto, yaani nguvu ya kuuvuta, usiopungua ratili 35 (kama kilo 16), na anayeanza lazima apitie mafunzo ya uwindaji ndipo apate leseni. Hayo yatafanyika nikifika. Mkono ndio niliotaka kuuzoeza nikiwa nyumbani.

Hata suala la nyama nilikuwa nimeshaliuliza. Ami yangu, mwenye elimu ya dini, alinitoa wasiwasi: ukipiga bismillahi unapoachia, na mshale ukatoboa kwa makali yake, ni halali, ukimuua kwa kumgonga ubapa, usile. Nilikuwa nimejitayarisha kweli kweli. Na isije ikasemwa nilikuwa na nia mbaya hapa kwetu. Najua uwindaji umepigwa marufuku Kenya tangu 1977, na sijafikiria kumlenga paa wala digidigi. Nilitaka kulenga gunia.

Gunia lenyewe nililijaza matambara ya mitumba kutoka soko la Kongowea, nguo ambazo hata wauzaji wamezikatia tamaa, nikazishindilia kwa miguu mpaka likawa gumu. Tukalitundika kwenye mwembe, shambani kwa mjomba, Mtwapa, na nyuma yake tukalundika udongo ili mshale utakaokosa usiende kwa jirani. Matambara hushika mshale vizuri ajabu, na unauchomoa kwa vidole viwili.

Sasa nitasema jambo ambalo pengine halifai kwenye malalamiko. Siku zile nane au tisa nilizoutumia upinde ule ni katika siku bora nilizopata mwaka huu. Pinde hizi za magurudumu zina ajabu yake: katikati ya mvuto unabeba uzito wote, mgongo unatetemeka, kisha magurudumu yanageuka na uzito unaanguka ghafla. Wangu ulikuwa wa ratili 60. Nililegeza bolti zinazoshika mabawa kwa ufunguo wa alenki, mizunguko sawa juu na chini, ukashuka karibu na 50. Nikifika mwisho wa mvuto huwa nimeshika kama ratili kumi tu. Hapo pumzi inatulia. Unasikia minazi, unasikia kuku wa mjomba, halafu husikii tena. Nilianza hatua kumi, nikasogea kumi na tano, na alasiri moja nikatia mishale mitatu ndani ya duara la kisahani cha chai kwa hatua 20. Mwanangu alikimbia kuihesabu kama vile huenda kuna wa nne. Nilimpigia shemeji simu usiku uleule, na kule kwao kulikuwa mchana, yuko kazini. Akaniambia basi ishia hapo, anayeanza asimlenge ayala kwa zaidi ya yadi 20, na alenge nyuma ya bega, kwenye moyo na mapafu.

Ungeniuliza siku ile kama mtumba unafaa, ningekwambia uza simu yako ukaununue.

Ulipasuka Jumapili, au labda ilikuwa sikukuu, maana mwanangu hakuwa shule. Nilikuwa nimefika mwisho wa mvuto, sijaachia bado. Bawa la chini lilikatika. Sikusikia mlio, nilihisi tu mkono wa kushoto umechapwa kuanzia kiwiko hadi kiganja, kisha uso wa moto. Kamba ilikuwa imenichora mstari mweusi ambao mpaka leo haujafutika wote. Muuguzi alitoa kipande cha faibaglasi chini ya jicho, kirefu kama punje ya mchele wa biriani. Hayo yangu nayasamehe. Lakini mwanangu ana miaka 11, na alikuwa hatua mbili nyuma yangu, kwa sababu mimi babake nilimwambia asimame hapo, ndipo penye usalama. Usiku, mamake akizikung'uta nguo, akakuta kipande kingine kimenasa kwenye kola ya fulana ya mtoto. Akakileta chumbani kwenye kiganja, akanionyesha, hakusema neno.

Siku ya pili yake nikavuka kutoka Kisauni mpaka pale kibandani kwake, Mwembe Tayari, mjini Mombasa, na upinde ndani ya mfuko, plasta usoni.

Naomba mnielewe kuhusu pesa. Sikwenda kudai 14,000 zote. Njiani nilikuwa nimeshajiambia akinipa nusu nitashukuru, na hata asiponipa kitu, akisema tu "pole, mzee wangu, sitafanya tena mbele ya mteja", ningekunja mfuko nikarudi nyumbani. Alitazama upinde kabla ya kunitazama mimi. "Mtumba haurudi." Nikamwambia sikuja kurudisha, nimekuja kumweleza kilichouvunja. "Umevuta vibaya." Nikamkumbusha kwamba aliufyatua bila mshale, mara mbili, hapo hapo alipokaa. Akajibu, "Kwani wewe ni fundi? Mbona hukusema siku ile?" Hapo nilikosa jibu, kwa sababu ni kweli sikujua. Na yeye alijua sikujua. Akaona nimenyamaza, akageukia wateja wake na kusema kwa sauti, "Mswahili na upinde wapi na wapi? Wewe nenda ukavue samaki."

Wakacheka. Kuhusu jicho hakuuliza. Siku ya kununua nilikuwa "mzee wangu". Siku ile nikawa "wewe".

Neno lile limenikaa kuliko kidonda. Mswahili na upinde wapi na wapi! Huyu kijana amezaliwa pwani hii hii. Saa chache tu kutoka hapo alipokaa ndiko nyika ya Tsavo, ambako Waata, wengine huwaita Waliangulu, waliwinda ndovu kwa pinde za mti zenye mvuto wa ratili 100 na zaidi, na mishale iliyopakwa sumu ya msunguti. Upinde wangu wa magurudumu yote yale haukufika hapo. Wagiriama wana pinde, Waduruma wana pinde, Wakamba wana pinde. Na lugha yenyewe anayonitukania ina neno la kila kipande: uta ndio upinde wenyewe, upote ni kamba yake, podo ni ala ya mishale, chembe na kigumba ni ncha ya mshale. Wasiojua upinde wangetunga maneno hayo ili wayafanyie nini? Hata kwenye ufunguzi wa Olimpiki za Rio, 2016, aliyebeba bendera ya Kenya alikuwa mpiga mishale, Shehzana Anwar. Yote haya nilikuwa nayo kifuani pale kibandani, na hakuna hata moja lililotoka.

Nimejaribu kumpa haki yake. Pengine ufa ulikuwepo tangu huko Ulaya au Marekani ulikotoka. Pengine mwenye nao wa kwanza aliutoa kwa sababu hiyo. Hizi bidhaa husafiri ndani ya kontena, na joto kali halifai upinde, halifai kamba, halifai gundi. Pengine ni mimi, pengine nililegeza bolti moja zaidi ya mwenzake. Nimeyapima usiku mwingi. Lakini kila nikifika mwisho wa hesabu nausikia ule mlio mkavu, mara mbili, na lile tabasamu.

Kwa hiyo upinde wa mtumba ununue au usinunue? Nilipoanza kuandika jibu lilikuwa usinunue kabisa. Sasa nakumbuka ile alasiri ya mishale mitatu na siwezi kuandika hivyo. Nunua, lakini nenda na pamba mfukoni, hii ya kawaida ya dukani. Ipitishe polepole juu ya mabawa, mbele, nyuma na kwenye kingo. Ikinasa pahala popote pana ufa au unyuzi ulioinuka, na hapo uuweke chini uondoke hata akikupunguzia bei mara tatu. Shemeji alinifundisha hili kwa simu baada ya mambo kuharibika, na lingenigharimu pesa ya pamba tu. Mishale ya kaboni nayo ikunje kidogo mmoja mmoja karibu na sikio; ukisikia mshale unalia, uvunje kabisa asije mtoto akauokota, maana wenye ufa huweza kupasuka unapoachia na kuingia mkononi. Kamba ikiwa imechakaa usidanganyike kwamba utaibadilisha kesho, kwa sababu upinde wa magurudumu unahitaji mashine ya kuubana kwanza, na mimi Mombasa nimeitafuta nisiipate. Mvuto uanze mdogo. Na mtu yeyote akiuvuta na kuuachia mbele yako bila mshale, uta huo si wako tena, hata kama ulikuwa umeshautolea pesa.

Nilimtumia shemeji picha za lile bawa nikitumai kuna la kubadilisha. Akajibu kwamba toleo lile halitengenezwi tena.

Juzi mjomba alinipeleka Kaloleni kwa mzee mmoja anayechonga pinde za mti. Tulikaa chini ya mkorosho, akanipima kwa macho, akanishika bega na kifundo cha mkono. Mjukuu wake, mdogo kuliko mwanangu, alikuwa akichezea upinde uliokamilika, ameuvuta nusu, mkono mtupu. Mzee hakukatiza mazungumzo yetu. Alinyoosha mkono akaishika kamba pamoja na vidole vya mtoto, akairudisha polepole mpaka ikatulia, kisha akamwambia, "Si bila mshale," akaendelea kunieleza habari za mti. Nilitamani yule kijana wa kibandani angekuwepo. Upinde wangu utakuwa tayari baada ya mvua. Hautafika ratili 60, nami sihitaji.

Jana nikapita tena Mwembe Tayari, sikukusudia, matatu ilinishusha hapo. Yule muuzaji ana upinde mwingine, wa kijani, umetundikwa kwa kamba yake kwenye msumari mlangoni, jua la saa nane linaupiga. Kijana mmoja alikuwa amesimama akiuulizia bei, na muuzaji alikuwa tayari anaushusha. Nilivuka barabara. Nilimwambia yule kijana asimruhusu auvute. Muuzaji akaniita majina ambayo sitayaandika, na kijana akaniangalia plasta, akaangalia upinde, akasema atarudi kesho.