Msichana Kindi kwenye benchi la saluni yangu, Mwanga, Kigoma

"Huyu ndiye steringi?" Dereva wa bodaboda aliniuliza hivyo nikiwa nimeshamfunga kitambaa shingoni. Jalada la kitabu cha katuni lilikuwa na picha ya binti mwenye meno ya mbele yaliyochomoza na mkia mkubwa wa manyoya. Ana mwili wake, kama binti yeyote unayepishana naye sokoni Mwanga. Nikamwambia ndiye. Akalifunua kwa kulitilia shaka, akaanza kutafuta ngumi.

Kitabu ni juzuu la kwanza la The Unbeatable Squirrel Girl, yaani Msichana Kindi Asiyeshindika. Mdogo wangu alikipata kwenye vitabu vya mtumba Dar es Salaam kwa elfu kumi na mbili, akanitumia kwa basi, kwa sababu anajua kwenye benchi la kusubiri huwa naweka vitu vya kusoma. Hadithi ni ya Ryan North, michoro ya Erica Henderson, na kampuni ya Marvel ya Marekani ilianza kuitoa Januari 2015. Marekani ilishakwisha tangu 2019. Hapa Kigoma, kwenye benchi langu, ina wiki tatu, na kwa wiki tatu hizo nimesikia mabishano kuliko msimu mzima wa Simba na Yanga.

Doreen Green, ndiye Msichana Kindi mwenyewe, anaanza chuo kikuu New York, anasomea kompyuta. Ana nguvu za kindi na anaongea na kindi. Mmoja, Tippy-Toe, ndiye msiri wake. Huku kwetu kindi tunamjua kwa kutafuna chikichi shambani, kwa hiyo wengi walicheka kabla hata ya kufungua. Halafu anatokea Kraven, mwindaji, mtu wa kutisha kweli. Doreen anapambana naye, lakini kinachomaliza ugomvi ni kwamba anamsikiliza anataka nini, kisha anamshauri akawinde madude makubwa ya baharini. Basi. Jamaa anaondoka.

Hapo ndipo benchi lilipogawanyika. Vijana wa bodaboda walisema wameibiwa: adui gani anaondoka kwa maneno? Mimi nasema hapo ndipo kitabu kilipo na uzito wake. Ukifika kwa Galactus, jitu linalokula sayari na sasa linakuja kuila dunia, utaona mwandishi hakuwa anakwepa kazi. Doreen anamfuata hadi mwezini, na baada ya purukushani wanakaa wanaongea. Kumbe jitu lina njaa. Kinachotafutwa ni sayari nyingine, yenye chakula na isiyo na watu. Mzee mmoja mstaafu wa reli, mteja wangu wa kila Jumamosi, aliposikia hapo alifunga kitabu akakiweka mapajani. "Huyu binti amelelewa," akasema. Yeye ni msomaji wa zamani wa Sani, jarida letu la katuni, la kina Ndumilakuwili na Lodi Lofa, kwa hiyo shujaa wa kuchekesha hakumshangaza hata kidogo. Waliobabaika ni vijana wa filamu za mabomu.

Ila mzee huyo huyo ndiye aliyenionyesha kasoro kubwa. Chini ya karibu kila ukurasa kuna mstari wa maandishi madogo kama sisimizi, rangi imefifia, ambamo mwandishi anamnong'oneza msomaji utani wa pembeni. Mzee alivaa miwani, akawasha tochi ya simu, akawa anafuata neno kwa neno kwa ukucha wa kidole gumba. Nilizima mashine nimtafsirie, mteja kwenye kiti nusu kichwa kimenyolewa. Utani wenyewe ni mtamu sana, ndiyo maana inauma. Kuuchapa hivyo ni kumnyima mtu mwenye macho ya miaka sabini. Tena Kiingereza chake ni cha haraka, kimejaa mambo ya kompyuta na majina ya mashujaa wengine. Mtoto wa sekondari atakimudu kwa kusaidiwa. Wa msingi atabaki na picha. Natamani mchapishaji wa hapa nchini akiweke kwa Kiswahili.

Picha nazo zinatosha kwa mengi. Nyuso za Henderson zinaongea. Dada mmoja aliyemleta mwanawe, darasa la sita, alisema ni mara ya kwanza kuona shujaa wa kike ambaye hakuchorwa akiwa amejikunja ili atazamwe. Nakubaliana naye kabisa. Mwanawe hakujali hayo. Aliuliza kwa nini asiwepo msichana wa sokwe, kwani Gombe si hapo tu, unapanda mtumbwi Kibirizi unafika. Akachora wake nyuma ya daftari la hesabu: mikono mirefu, sare ya shule, viatu hakuna.

Mwishoni mwa juzuu wamerudisha hadithi ya mwanzo wa miaka ya tisini iliyomleta binti huyu kwa mara ya kwanza, michoro ya Steve Ditko, yule aliyemchora Spider-Man mwanzoni. Humo kindi wanamvamia Doctor Doom, adui mkubwa wa mashujaa wa Marvel, kwa wingi hadi anachanganyikiwa. Yule wa bodaboda alirudi Jumanne, nywele bado fupi, akaisoma mara mbili amesimama mlangoni.

Jalada limeanza kuachia, nimelishona kwa uzi wa viatu. Anayetaka kusoma aje asubuhi siku za kazi, benchi liko wazi. Kuondoka nacho hapana. Juzuu la pili nimeshamwagiza mdogo wangu.