Piperazini au piranteli kwa mtoto wa mbwa?

Mtoto wa mbwa mara nyingi huzaliwa tayari na minyoo, maana mama humwambukiza tangu tumboni. Minyoo ya safura humjia baadaye kwenye maziwa. Duka la dawa za mifugo litakuonyesha dawa mbili.

Piperazini imezoeleka. Huilegeza ile minyoo mirefu kama tambi, ikatoka na kinyesi, mingine ingali hai. Inaishia hapo. Haiiwezi minyoo ya safura, nayo minyoo hiyo ndiyo inayonyonya damu. Mfunue mdomo: ufizi ukiwa mweupe na kinyesi cheusi kama lami, usingoje kesho, mkimbize kwa daktari wa mifugo.

Piranteli huondoa minyoo ya aina zote mbili, kwa hiyo mimi nachukua hiyo hata ikizidi bei. Mpime uzito kwanza. Anza akiwa na wiki 2, urudie kila baada ya wiki 2 hadi afikishe wiki 8, kwa sababu mabuu yaliyojificha mwilini hayafi kwa dozi moja. Ukiona punje kama mchele chini ya mkia, hao ni tegu. Hapo inatakiwa dawa nyingine, prazikwanteli.

Kinyesi kizoe kila siku, hasa kama watoto wanacheza pekupeku uani.