Fiksi baada ya miaka 50: baiskeli nzuri, ila gia ya kiwandani ibadilishe

Nina miaka 58, goti langu la kulia lina historia yake, na katika baiskeli zote nilizowahi kuendesha hii ndiyo ninayoipenda zaidi. Haina gia za kubadilisha na haina friwili, kile kifaa kinachoacha gurudumu lizunguke huku pedali zimetulia. Kwa asiyeifahamu, fiksi ni baiskeli ambayo spoketi ya nyuma (kile kigurudumu cha meno kinachoshika cheni) imekazwa moja kwa moja kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu, hivyo gurudumu likizunguka na pedali zinazunguka, upende usipende. Hakuna kutuliza miguu huku baiskeli ikiserereka yenyewe. Usiichanganye na ile ya breki ya kukanyaga kinyumenyume. Ile ina friwili ndani ya habu, hii haina kabisa.

Yangu ni ya daraja la kuanzia, inayouzwa ikiwa tayari kuendeshwa: fremu ya chuma cha krom-moli, spoketi ya mbele meno 46, ya nyuma 16, krenki (mikono inayobeba pedali) za milimita 165, matairi ya 700 kwa 28, breki mbele na nyuma, na habu ya pande mbili, upande mmoja wa fiksi na upande wa pili wa friwili. Kampuni nyingi zinatoa baiskeli za mpangilio huu huu, kwa hiyo ninayoyasema yatakufaa hata kama jina kwenye fremu yako ni jingine.

Nianze na gia, maana hapo ndipo wenzangu wengi wa rika letu wanapokata tamaa bila sababu. Meno 46 kwa 16 maana yake kila mzunguko mmoja wa pedali unaisogeza baiskeli karibu mita 6.1. Kijana wa miaka 22 kwenye barabara tambarare atafurahi. Mtu mzima anayeondoka kutoka kusimama, au anayekutana na mwinuko mdogo upepo ukimpiga usoni, atalazimika kukanyaga polepole kwa nguvu nyingi, na nguvu hiyo yote inapitia nyuma ya pia ya goti. Ukiwa na gia za kubadilisha unashusha moja na maisha yanaendelea. Hapa huna pa kushusha. Watengenezaji wanajua kwamba wanunuzi wao wengi ni vijana na wanafunga gia ya vijana. Sisi wengine tumesahaulika, na sioni kwa nini isiandikwe waziwazi kwenye karatasi ya maelezo kwamba gia hiyo ni nzito.

Dawa yake ni rahisi. Nilimpelekea fundi, akaweka 42 mbele na 17 nyuma. Sasa mzunguko mmoja wa pedali ni mita 5.3 hivi. Kwa mwendo wa kilomita 25 kwa saa, miguu imetoka mizunguko 68 kwa dakika hadi 79. Ukiyasoma hivyo unaweza kudhani tofauti ni ndogo, lakini goti linaijua. Kuondoka kukawa kwepesi, na miinuko niliyokuwa naiogopa naipanda nimekaa kwenye siti. Gharama yake inalipwa kwenye mteremko. Ukifika kilomita 40 kwa saa miguu inadaiwa mizunguko kama 127 kwa dakika, na hiyo ni kasi ya watu waliozoea. Kwa hiyo mteremko nauteremka kwa breki, tangu juu, kabla mwendo haujapanda. Kwangu hiyo si hasara.

Ndiyo maana nasisitiza: breki mbili, zote zikifanya kazi. Kuna mtindo wa kuziondoa ili baiskeli ionekane safi, halafu mtu anasimama kwa kukaza miguu mpaka tairi la nyuma liburuzike. Kwa mtu aliyevuka miaka 50 sishauri hata kidogo. Kuzuia pedali zinazokuja kwa kasi kunaibana misuli ya paja wakati huo huo inaporefuka, na kazi ya namna hiyo ndiyo inayoacha maumivu ya kesho yake na ya keshokutwa. Kidogo kidogo inajenga. Ghafla, kwa mwili mzito kwenye mteremko, inaumiza kano. Isitoshe, breki ya mbele ndiyo inayosimamisha baiskeli kwa umbali mfupi kuliko njia yoyote ya miguu. Uingereza sheria yenyewe inaitaka fiksi ya barabarani iwe na breki ya gurudumu la mbele. Miguu naitumia kurekebisha mwendo tu: kupunguza kidogo nyuma ya mtu anayeenda polepole, kuongeza kidogo njia ikifunguka.

Na hapo ndipo utamu wake ulipo. Baada ya wiki za mwanzo, ambazo mapaja yalilalamika, nikaanza kuhisi kitu ambacho baiskeli zangu za zamani hazikuwahi kunifundisha: mguu unaopanda ulikuwa unaulemea mguu unaoshuka. Kwenye baiskeli ya friwili uzembe huo unajificha. Unakanyaga, unapumzika, unakanyaga tena, na hakuna anayekuuliza. Kwenye fiksi unausikia moja kwa moja, kwa sababu pedali inakuja tu na kuuinua mguu wako uliolala. Mwili ukiacha kushindana nayo, mwendo unakuwa mviringo kweli. Nyonga zinatulia kwenye siti, mabega yanashuka, pumzi inakwenda pamoja na miguu. Watu wa vilabu vya Uingereza walikuwa wakiendesha fiksi majira ya baridi kwa ajili hiyo hiyo, miguu ikae na ulaini mpaka msimu wa mashindano urudi.

Henri Desgrange, mwanzilishi wa Tour de France ya mwaka 1903, hunukuliwa akisema kwamba gia za kubadilisha ni za watu waliopita miaka 45. Hakuzitaka kwenye mashindano yake, na diraila, kifaa kinachohamisha cheni kutoka gia moja hadi nyingine, haikuruhusiwa kwa waendeshaji wote hadi mwaka 1937. Nami nimepita umri wake huo kwa miaka 13, na nasema gia moja, ikiwa nyepesi vya kutosha, inatufaa sisi kuliko alivyodhani. Aliangalia nguvu za misuli. Sisi tunachohitaji zaidi ni ulaini wa mwendo, na ulaini unaweza kuongezeka hata nguvu inapopungua. Mfaransa Robert Marchand aliendesha kilomita 22.547 kwa saa moja ndani ya uwanja wa baiskeli mwezi Januari 2017, akiwa na miaka 105. Baiskeli za viwanja hivyo ni fiksi.

Jambo ambalo ningependa muuzaji anieleze mapema ni kupanda na kushuka. Wengi wetu tulizoea kushuka baiskeli ikiwa bado inatembea: unasimama kwenye pedali moja, unazungusha mguu wa pili nyuma ya siti, unatua. Kwenye fiksi usifanye hivyo, kwa kuwa pedali uliyosimamia haitulii. Simamisha kabisa kwanza, weka mguu mmoja chini, ndipo ushuke. Kupanda nako kuna mpango wake. Pedali ya kuanzia inatakiwa iwe juu kidogo na mbele, na ikiwa imesimama mahali pabaya huwezi kuirudisha nyuma kwa ncha ya kiatu kama ulivyozoea. Bana breki ya mbele, sukuma usukani mbele kidogo ili gurudumu la nyuma linyanyuke, zungusha pedali mpaka ikae vizuri, shusha. Ni jambo la sekunde mbili, lakini lifanyie mazoezi mahali pasipo na magari. Kwenye kona, pedali ya upande wa ndani inashuka ukipenda usipende, na ndiyo maana krenki fupi za milimita 165 ni jambo jema. Ukibadilishiwa na ndefu zaidi, kataa. Kwenye mashimo unanyanyua uzito kutoka kwenye siti huku miguu ikiendelea kuzunguka.

Ubora wa kazi ya kiwandani ni wa kuridhisha, fremu imenyooka na rangi imeshika, ila kuna sehemu moja walipofanya haraka: pete inayofunga spoketi ya nyuma haikukazwa vya kutosha. Hii kagua mwenyewe kabla hujapanda. Spoketi inajikaza kwa nyuzi za kawaida kadiri unavyokanyaga mbele. Pete iliyo juu yake ina nyuzi za kinyume, ili ukikaza miguu kuzuia mwendo, spoketi ikitaka kufunguka igote kwenye pete inayojifunga. Pete ikilegea, ulinzi huo haupo. Kwa kuwa nyuzi ni za kinyume, inakazwa kwa kuzungusha kuelekea kushoto, na inahitaji spana yake maalumu yenye ndoano. Kuigongagonga kwa patasi na nyundo kunaiharibu.

Cheni nayo inataka jicho. Haina kijigurudumu cha kuivuta, hivyo mkazo wake unatokana na mahali ulipofunga ekseli. Nalegeza nati mbili kwa spana ya 15, navuta gurudumu nyuma, nakaza upande wa cheni kidogo, nalinyoosha gurudumu katikati ya fremu, nakaza upande wa pili. Halafu nazungusha krenki taratibu nikiangalia cheni ya juu, kwa sababu spoketi ya mbele mara nyingi si mviringo kamili: kuna sehemu cheni inakaza na sehemu inalegea. Pima pale inapokaza zaidi. Katikati ya spoketi mbili, cheni icheze juu na chini kama sentimita moja. Ikilegea sana inaweza kuruka, na cheni iliyoruka kwenye fiksi inaweza kulikamata gurudumu la nyuma papo hapo. Ikikaza sana utausikia mguno wake na beringi zitakwisha. Ikiwa sawasawa, haitoi sauti yoyote. Ukimya huo ni raha ya pekee. Nasikia matairi na pumzi yangu tu.

Na tafadhali sana, usiisafishe cheni kwa kitambaa huku gurudumu linazunguka. Kwenye baiskeli ya friwili kitambaa kikinaswa cheni inasimama. Hapa gurudumu zima linaendelea kuisukuma, na limeshachukua vidole vya watu. Simamisha, futa sehemu, sogeza, futa tena. Suruali pana funga kifundoni kwa sababu hiyo hiyo.

Siti iliyokuja nayo ni nyembamba na ngumu; niliibadilisha mara moja. Pedali zilikuwa za plastiki bila kamba. Miguu ikiteleza wakati pedali zinazunguka, pedali inakupiga kwenye muundi, kwa hiyo weka pedali pana zenye meno na kamba pana za kupitishia kiatu, zisizokazwa sana, uweze kuchomoa mguu upesi.

Nani asiinunue? Anayeishi penye milima mikali kila upande, anayekwenda na mizigo mizito, na aliyefanyiwa upasuaji wa goti au nyonga karibuni. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda aongee na daktari wake kwanza, maana kuanguka kwake si sawa na kuanguka kwa mwingine. Na tusidanganyane kuhusu mifupa: baiskeli, iwe ya namna gani, haiibebeshi mifupa uzito kama kutembea kunavyofanya. Mimi bado natembea na kunyanyua vitu vizito kidogo.

Wengine wote, inunueni. Ulizeni kama wanaweza kufunga 42 kwa 17 kabla haijatoka dukani, au hata 42 kwa 18 kama miinuko ni mingi kwenu. Upande wa friwili wa habu uacheni ulivyo. Siku goti likikataa, unageuza gurudumu na baiskeli inakuwa ya kawaida. Mimi tangu mwanzo sijaugeuza.