Filta ya Drayeri Inayotenganisha Oili: Uzoefu Wangu kwenye Tipa la Kokoto

Tipa langu husomba kokoto kutoka Lugoba kwenda Dar es Salaam, na tangu lilipopata tatizo la oili kuingia kwenye mfumo wa breki za upepo nimekuwa nikilifungia filta ya drayeri (kifaa kinachokausha upepo unaotoka kwenye kompresa, yaani pampu ya upepo, kabla haujaingia mitungini) ya aina inayotenganisha oili, badala ya ile ya kawaida inayokausha maji peke yake. Ninairidhia filta hii na nitaendelea kuinunua ingawa bei yake iko juu. Hata hivyo, anayeinunua akitarajia kwamba itaponya kompresa inayorusha oili atakuwa ametupa fedha zake.

Dalili zilianza kwenye breki za nyuma, ambazo zilichelewa kuachia baada ya breki ya mkono kuondolewa. Baadaye drayeri ilipokuwa ikipumua, yaani ikitupa nje maji na uchafu ilioukusanya, ilirusha matone meusi kwenye fremu, na dereva alipofungua koki ya mtungi wa kwanza wa upepo ulitoka uji mzito wa kijivu, mchanganyiko wa maji na oili. Ieleweke kwamba kompresa nyingi za malori hulainishwa kwa oili ileile ya injini, hivyo oili kidogo kupita pamoja na upepo ni jambo la kawaida na si sababu ya kutaharuki. Madhara huanza kiasi kinapozidi, kwa sababu punje za kukaushia zilizomo ndani ya filta hunasa mvuke wa maji kwenye nyuso zake, na nyuso hizo zikishapakwa oili hazinasi tena. Maji huendelea hadi mitungini, hufanya kutu, na mipira ya valvu nayo huanza kuvimba au kunata.

Fundi wa kwanza aliyeliangalia tipa alishauri tubadilishe kompresa siku hiyohiyo. Sikukubali, kwa kuwa kompresa mpya iliyofungwa kwenye mazingira yaleyale yaliyoiharibu ya zamani nayo hurusha oili baada ya muda mfupi. Tulianza na uvujaji: tulijaza upepo hadi drayeri ikapumua, tukazima injini, tukautazama mshale wa geji. Madereva wa Marekani hufundishwa kwamba gari lisilo na trela halipaswi kupoteza zaidi ya paundi 2 za mgandamizo (kwa inchi ya mraba) kwa dakika breki zikiwa zimeachiwa, na paundi 3 breki ikiwa imekanyagwa. Kwenye geji inayosoma kwa bar, kipimo kingine cha mgandamizo, paundi 2 ni takriban bar 0.14 tu, kwa hiyo inafaa kusubiri dakika kadhaa kabla ya kuamua. Mshale wetu ulishuka bila kuhitaji subira yoyote, kwani diaframu (mpira unaosukumwa na upepo) ya busta, yaani chemba ya breki, moja ya nyuma ilikuwa imechanika, na kwa sababu hiyo kompresa haikuwa ikipata nafasi ya kupumzika. Kompresa isiyopumzika huchemka, na upepo unaotoka ukiwa wa moto kupita kiasi hubeba oili ikiwa mvuke, ambao drayeri ya kawaida haiwezi kuuzuia.

Kisha tukafuata njia ya kuingizia hewa. Kwenye tipa hili kompresa huvuta hewa kutoka kwenye bomba lililo baada ya filta ya hewa ya injini, na filta hiyo, kwa vumbi la machimbo ya kokoto, ilikuwa imeziba vibaya. Pistoni ya kompresa inaposhuka ikakosa hewa ya kutosha, huvuta oili kutoka chini kupitia kwenye ringi, hata kama ringi zenyewe bado ni nzima. Bomba la kutolea upepo lilikuwa na masizi magumu upande wa kompresa, tukalibadilisha. Njia ya oili kurudi kwenye injini pamoja na tundu la kupumulia la injini tulivikuta havina kasoro.

Ni baada ya kazi hiyo ndipo filta ya kutenganisha oili ikafungwa. Ndani yake kuna tabaka la nyuzi laini ambapo chembechembe ndogo za oili hugongana na kuungana kuwa matone mazito, yakashuka na kutupwa nje drayeri inapopumua, kabla upepo haujazifikia punje za kukaushia. Sasa mtungi wa kwanza ukifunguliwa hautoi kitu zaidi ya unyevu kidogo, na breki za nyuma zinaachia bila kuchelewa. Sifa hiyo siipi filta peke yake, kwa sababu tulibadilisha pia mipira ya valvu zilizokuwa zimeshaguswa na oili. Kuna aliyependekeza tumwage petroli kwenye mabomba ili kuyasafisha. Petroli huharibu mipira, na mvuke wake ndani ya mfumo unaopata joto ni hatari ya moto, kwa hiyo tulikataa.

Kwa upande wa ununuzi, WABCO na Knorr-Bremse huuza filta za aina zote mbili na kwa macho hufanana sana, hivyo ni lazima kusoma namba ya spea na kuilinganisha na ya drayeri iliyopo kwenye gari, ikiwa ni pamoja na ukubwa wa uzi wa skrubu ya kuifungia. Mimi niliwahi kuuziwa dukani filta ambayo ilipotikiswa ilitoa unga mweupe, nikairudisha, kwa sababu unga huo ni punje zinazosagika na ungeishia kwenye valvu. Muda wa kubadilisha ninaufupisha kuliko ule unaopendekezwa kwa magari ya barabara za lami, na kila wiki mitungi hufunguliwa juu ya chombo cheupe, mmoja baada ya mwingine, dereva akiwepo. Kwa mwenye lori la masafa marefu kwenye lami, lenye kompresa nzima na upepo usiovuja, filta ya kawaida inayobadilishwa kwa wakati inatosha.