Tusker ya huku ughaibuni, ni ile ile kweli?

Wadau wa Uingereza, Tusker, ile bia ya Kenya, inapatikana huku kwenye baadhi ya maduka ya Waafrika na ukiagiza onlaini, na mi nimeinywa vya kutosha kusema kitu. Lebo ni ile ya njano na yule ndovu mweusi (kwa wasiojua, George Hurst, mmoja wa waanzilishi wa kiwanda, aliuawa na ndovu 1923, ndo bia ikapewa jina, maana "tusker" ni ndovu mwenye pembe), kilevi 4.2%, nyepesi, utamu kidogo wa shayiri, uchungu hauna fujo. Ikiwa baridi kabisa na kuna nyama choma pembeni, safi sana aisee.

Shida ni safari, bia inapanda meli halafu inakaa stoo halafu inakaa shelfu, na lager, yaani bia nyepesi ya aina hii, haipendi kuzeeka. Duka moja waliniuzia chupa imebakiza wiki chache tu i-expaya, ilikuwa na harufu ya karatasi iliyolowa, nikaimwaga. Kwa hiyo soma tarehe kwanza, usione aibu mbele ya muuzaji.

Bei nayo, mmh. Chupa moja huku ni hela ya kuwanunulia wenzako raundi pale Nairobi, na sijui kwa nini EABL, kampuni inayoitengeneza, hawaisukumi zaidi huku wakati Diageo, kampuni ya vinywaji iliyopandisha hisa zake EABL hadi 65% mwaka 2023, makao yao yapo hapa hapa London, na Guinness yao iko kila baa.

Nyota 3 kati ya 5, ya fresh ningeipa 4.