Anna F1 nyuma ya nyumba, Tabora: kilo 97, vitambaa vya kitenge na mkono wa babu

Nianze na hesabu, maana najua ndiyo mtakayoiuliza kwanza. Nilipanda miche 24 ya nyanya ya Anna F1 (chotara wa aina mbili za nyanya) nyuma ya nyumba, hapa Ng'ambo, Tabora mjini. Iliyofika mwisho ni 21. Mwaka jana nilivuna kilo 97 tangu mwisho wa Juni hadi katikati ya Septemba, na kila mchumo nimeuandika kwenye daftari lilelile la vipimo vya wateja. Kuna ukurasa umeandikwa "kiuno 34, bega 15, nyanya kilo 6 na robo." Mimi ni fundi cherehani. Kulima nimejifunzia hapohapo uani, kwa kukosea.

Kabla ya hapo nilikuwa mtu wa Tanya na Tengeru 97. Sina ugomvi nazo. Ni nyanya fupi, hazisumbui, na mbegu unaweza kukamua mwenyewe ukapanda mwakani. Shida yangu ni kwamba zinaiva karibu pamoja. Wiki tatu nne unagawa nyanya mtaa mzima, zinaoza kwenye ndoo, halafu mwezi unaofuata unarudi sokoni kununua fungu. Anna ni ya aina ndefu, haikomi kukua. Inapanda juu, inatoa kichala, inapanda tena, inatoa kingine. Kwa mwenye ua mdogo anayetaka nyanya kumi leo na kumi keshokutwa, hiyo ndiyo raha yake. Na ndiyo kazi yake pia.

Mara ya kwanza niliharibikiwa, na nusu ya kosa ni langu. Duka moja la pembejeo (nisilitaje) lilikuwa linauza mbegu za kupima, pakiti imeshafunguliwa, unahesabiwa thelathini kwenye karatasi kama za mchicha. Nikaona nafuu. Ikaota vizuri tu. Lakini ilipofika magotini, mimea kama kumi ikasimama. Kilele kikaishia kwenye ua, matawi yakatanuka pembeni, nyanya zikaja fupifupi za mchanganyiko. Jirani mmoja akasema ni udongo. Udongo gani unaochagua mche huu urefuke, wa pembeni yake ukome? Ule ulikuwa mchanganyo wa mbegu, basi. Safari ya pili nikanunua pakiti iliyofungwa, yenye lebo ya kukwangua namba ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, nikaihakiki kwa simu kabla sijatoka dukani. Muuzaji alininunia kidogo. Bei yake ilinipa kizunguzungu: karibu doti mbili za kitenge cha kawaida, kwa kitu kinachojaa kiganjani. Tukachangishana wanawake watatu wa kikoba, tukagawana mbegu.

Kitalu nakipita haraka. Chupa za maji zilizokatwa, zimetobolewa chini, mchanga na samadi iliyooza vizuri, mbegu moja moja. Mbegu ya bei hii haimwagwi. Kati ya 26 ziliota 25. Aprili 9, mvua zikiwa zinaelekea ukingoni, nikahamishia 24 shambani, sentimita 60 mche hadi mche.

Udongo wetu wa Tabora mnaujua, kichanga. Ukimwagia maji unayasikia yakishuka. Kila shimo nililijaza samadi ya ng'ombe makoleo mawili, na baada ya kupanda nikafunika na nyasi kavu nene. Mbolea ya dukani nilipima kwa kizibo cha soda: kimoja cha DAP chini ya udongo siku ya kupanda, kisha CAN kizibo kimoja kuzunguka mche baada ya wiki tatu, na kingine ilipoanza kubeba.

Sasa kazi yenyewe. Anna ukiiacha bila kuiegemeza inalala chini kama mlevi. Nilisimika fito za mita mbili, mche mmoja fito moja. Kamba ya katani nilianza nayo nikaiacha, inakata shina likinenepa. Nikageukia mabaki ya vitenge ninayofagia chini ya cherehani kila jioni. Kipande cha upana wa vidole viwili, unakizungusha kwenye fito kwanza, unakipishanisha katikati, ndipo unalizungushia shina, kwa umbo la namba 8, na unaacha nafasi ya kidole kupita. Ile mpishano wa katikati ndio siri: shina haligusi fito, upepo ukija halisuguliki. Kufikia Julai ua wangu ulikuwa kama kuna harusi.

Halafu machipukizi. Kwenye kila kwapa la jani kunatoka kichipukizi, na ukikiacha siku nne kinakuwa tawi linalotaka maji na chakula chake. Aina hii unaibakiza shina moja au mawili, mengine yote unanyofoa yakiwa madogo kama kidole cha mtoto. Mimi nilikuwa naona huruma, nachelewa. Na hapa ndipo anaingia babu.

Jirani yangu wa ukuta wa pili ni mzee aliyelima tumbaku miaka mingi kule Urambo. Waliolima tumbaku wanajua kwamba nayo hukatwa kilele, kisha machipukizi yananyofolewa ili jani linenepe. Mzee huyu ana ukucha wa kidole gumba ambao ni kisu. Jioni moja nimekaa na gauni la mtu mezani nikamwona yuko katikati ya nyanya zangu.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Hivi vijitu vilikuwa vinakunyonya, nimekuondolea. Wewe una mkono wa huruma, mmea hauutaki."

Alimaliza mistari miwili kwa muda ambao mimi ningemaliza miche mitatu. Nikamshukuru sana. Akawa anakuja kila baada ya siku kadhaa, na kila akija, tumbaku yake ya kusokota iko mdomoni au iko kwenye vidole.

Wiki ya tatu nikaona majani ya miche mitano ya mstari wa kwanza yana mabaka, kijani cha kuiva na kijani cha kupauka vimechanganyika kama batiki iliyoharibika, na majani machanga ya juu yamekuwa membamba, yamejikunja. Nikadhani ni ugonjwa wa rasta. Nikapiga picha, nikamtumia bwana shamba wa kata kwa simu, akaja mwenyewe. Rasta, akaniambia, inaletwa na inzi weupe. Majani yanakunjamana kuelekea juu kama kikombe, kingo zinakuwa njano, mche unadumaa. Huu wa kwangu una mabaka. Akauliza swali moja tu: "Nani anavuta sigara humu ndani?"

Tumbaku na nyanya ni watoto wa ukoo mmoja, pamoja na biringanya, pilipili hoho na viazi mviringo. Kirusi cha batobato la tumbaku hakihitaji mdudu wa kukibeba. Kinapita kwa kugusa: kidole, kisu, nguo, fito. Kinaweza kukaa hai kwenye jani lililokaushwa kwa miaka, ndiyo maana hata tumbaku ya kusokota inaweza kukibeba. Na kila chipukizi linaponyofolewa ni kidonda kibichi, ukucha unapita kutoka mche mmoja kwenda mwingine. Dawa ya kupuliza hakuna. Miche mitatu iliyozidiwa niling'oa nikaichoma, miwili niliiacha, ikazaa, ila nyanya zake ndogo.

Tabu ilikuwa kumwambia mzee. Mtu mzima aliyekusaidia kwa hiari yake utamwambiaje kwamba mkono wake una ugonjwa? Nilipitia kwa bibi, mkewe, nikiwa na nyanya changa za kukaanga kwenye sahani. Bibi akamfikishia, naye akaja hadi mlangoni.

"Tumbaku nimeishika tangu ujana wangu haijanidhuru, itaidhuru nyanya?"

Bwana shamba akamweleza taratibu, wameketi kwenye gogo. Mzee akanyamaza kidogo, akasema, "Kumbe. Kule Urambo wake zetu walikuwa wanapanda nyanya pembeni ya mabani ya kukaushia tumbaku, hazikupata kuwa nyanya za maana. Tulisema ni moshi."

Tangu hapo sharti likawa moja: sabuni, maji ya kutiririka, kisha kuchovya mikono kwenye bakuli la maji yenye maziwa ya unga kabla ya kugusa mche. Hilo la maziwa lilituchekesha wote, lakini bwana shamba alisisitiza kwamba maziwa hukidhoofisha kirusi kisiambukize. Bibi akasema wajukuu wanakunywa chai ya rangi, nyanya za fundi zinanawishiwa maziwa. Miche mingine haikuugua. Mimi siwezi kuapa kama ni maziwa au ni sabuni.

Kuna sifa ya Anna niliyoithibitisha kwa macho. Wauzaji husema inavumilia minyoo fundo (vijiminyoo vya udongoni vinavyovimbisha mizizi) na mnyauko wa fusari (ugonjwa wa ukungu), nami sikuamini, maana ua huu mzee alikuwa akioteshea vitalu vya tumbaku zamani, na minyoo fundo hupenda tumbaku na kichanga. Septemba nilipong'oa, bamia niliyopanda kwenye kingo mizizi yake ilikuwa na vinundu kama tangawizi. Anna zilizokuwa hatua moja pembeni, mizizi nyeupe, safi. Isipokuwa minne ya upande wa ukuta unaopigwa na jua la mchana, hiyo ilikuwa na vinundu vichache. Bwana shamba anasema kinga hiyo hulegea udongo ukipata joto, kuanzia nyuzi 28 hivi. Kwa hiyo nyasi za kufunika udongo kwetu ni lazima.

Nyanya ya kwanza nyekundu niliichuma Juni 27, siku ya 79 tangu kuhamisha. Mzuka ulinishika nikaila na chumvi palepale. Wiki mbili za mwanzo hata hivyo nilipoteza nyanya kama ishirini kwa kuoza kitako, ile doa nyeusi ya chini iliyobonyea kama ngozi ya kiatu. Watu wakaniambia nisage maganda ya mayai. Nilisaga. Maganda huoza taratibu mno, msimu unaisha hayajasaidia. Sababu halisi ilikuwa maji. Tangu maji ya Ziwa Victoria yafike Tabora tumepata nafuu kubwa, lakini mtaani kwangu kuna siku bomba halitoi, nami nilikuwa nanyima siku mbili kisha nafidia kwa kufurikisha. Mche ukipewa maji kwa kushtukizwa hauvuti madini ya chokaa (kalsiamu) ya kutosha kupeleka kwenye tunda. Nikaweka pipa, kila mche lita mbili kila asubuhi bila kuruka. Vitako vikapona kwenye vichala vilivyofuata.

Kantangaze, mdudu anayetoboa majani na matunda ya nyanya, alikuja Agosti, kama anavyokuja kwa kila mtu tangu aingie nchini mwaka 2014. Kwa miche ishirini na moja nilimshughulikia kwa mikono: jani lenye michirizi myeupe linanyofolewa na kufungwa kwenye mfuko wa nailoni, na usiku naweka beseni la maji ya sabuni chini ya taa. Alikula kiasi chake, nami nikala changu.

Kilichomaliza msimu ni joto. Kuanzia katikati ya Septemba maua yakawa yanadondoka tu, ukigusa fito yanamwagika. Msifikiri ni ugonjwa mkaanza kununua dawa. Nyanya nyingi zikipigwa na jua la Tabora la kuelekea Oktoba hazishiki tunda.

Kuhusu ladha, sitawadanganya. Anna ina nyama nene, mbegu chache, maji kidogo. Kwenye mchuzi inakolea haraka na haikuachii mchuzi mwepesi, na nsansa ya kunde (majani ya kunde yaliyokaushwa) iliyoungwa karanga ikitiwa nyanya hii mbili tu inatosha. Inakaa mezani siku kumi na mbili bila friji, nimehesabu. Lakini kachumbari bado naipenda ya Tanya, ina ukali na majimaji ambayo Anna haina. Mume wangu anabisha.

Na mbegu zake msikamue. Nilijaribu kwa ubahili, nikapanda kumi kutoka kwenye tunda zuri kuliko yote. Zikatoka za kila namna: ndefu, nyembamba, yenye matunda kama golori, moja tu iliyofanana na mama yake. Hii ni mbegu ya chotara, kila msimu unanunua upya, na hilo ndilo linalonifanya niipe nyota nne badala ya tano. Kama huna dakika ishirini kila baada ya siku tatu za kunyofoa na kufunga, nunua Tanya, hutajuta.

Mwaka huu nimepunguza hadi miche 14, na nitahamisha mwishoni mwa Machi ili nivune zaidi kabla ya joto. Kazi ya machipukizi nimemkabidhi babu rasmi. Jana alipita ukutani akaniuliza kama kitalu kimeota. Nikamwambia bado. Akanyoosha mikono juu ya ukuta, imelowa, akanionyesha viganja pande zote mbili.